Maji ya Tangi la Juu

Vijana wangu, mwezi uliopita mliponialika nije kuiona mashine mpya, mliniwekea kiti kizuri chenye mto na mkaniletea soda baridi, nami sikukaa kwenye kiti hicho hata robo saa. Mniwie radhi. Najua wengine mlidhani bibi ana haraka ya kuwahi feri. Haraka ya feri sikuwa nayo. Nilimwona binti mmoja mwenye mtandio wa buluu akisoma nambari kwenye skrini, akaandika, akasoma tena, akaandika tena, na muda wote ule mkono wake haukugusa mpira wa maji. Nikainuka, nikaizunguka mashine mara tatu, nikaushika mpira mwenyewe. Ulikuwa sawa. Nikaondoka bila kuaga vizuri, na tangu siku hiyo sijatulia. Nafagia ua uliokwisha fagiliwa, nafungua friji sijui nataka nini. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nilipaka lenzi za miwani miaka ishirini na saba, hapo hapo Changamwe mlipo nyinyi. Majirani zangu wa Mtongwe mpaka leo hawaelewi nilikuwa nafanya nini. Nikiwaambia nilikuwa napaka miwani, wao hudhani rangi, nami nikachoka kuwasahihisha. Nyinyi mnajua, lakini najua pia mmefundishwa haraka haraka, kwa hiyo vumilieni nianze chini.

Lenzi mpya hung'aa. Ukiivaa usiku mbele ya taa za lori, huoni lori, waona taa tu. Basi tunaipaka utando, na juu yake utando mwingine, na mwingine tena, mwembamba kuliko kitu chochote mlichowahi kukishika, na tando hizo zikikaa kwa unene wake sawasawa ule mng'ao hufa. Lenzi hupangwa kwenye sinia la juu, mlango ukafungwa, pampu ikafyonza hewa yote, na huku chini dawa ikachomwa moto mpaka ikawa mvuke. Mvuke hupanda ukaganda kwenye lenzi. Sasa utajuaje kwamba utando umefika unene wake, na mlango umefungwa, na rula ya kupimia kitu hicho haijatengenezwa?

Hapo ndipo kinapoingia kisahani. Jina lake la vitabuni ni fuwele ya kwatzi. Sisi tulikiita kisahani kwa sababu ndivyo kilivyo, kimeviringana, kidogo kama shilingi, kimepakwa dhahabu. Kikipitishwa umeme hutetemeka mamilioni ya mara kwa sekunde moja, wala macho hayaoni kitu. Mvuke ule ule unaoganda kwenye lenzi huganda na kwenye kisahani. Kikishabeba mzigo mtetemo wake hupungua kasi, na mashine huusoma upungufu huo, ikakwambia unene. Ni mizani, tena mizani ya ajabu. Vumbi lililo juu ya kabati lenu lingekuwa mzigo mzito kwake.

Lakini kina kasoro moja, na kasoro hiyo ndiyo iliyonikosesha raha mwezi uliopita. Kisahani kikipata joto nacho hubadilisha mtetemo, bila kubeba chochote. Mashine haiwezi kujua. Yenyewe husikia mtetemo tu. Kisahani cha aina yetu, kwa joto la mashine yetu, kikipata moto kilipunguza kasi, na mashine ikadhani dawa imeganda. Nambari hupanda kwenye skrini, utando haupandi. Ndiyo maana nyuma ya kisahani hupitishwa maji ya kukipoza, na ndiyo maana maji hayo ni sehemu ya mizani. Hili nimeliandika sentensi moja, kulijua kulinichukua miaka.

Aliyenifundisha ni mwalimu Athmani, mtu wa Kisauni, mwenye mashavu makubwa na sauti ndogo. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nimekaa wima mbele ya skrini, nimejaa adabu.

"Mwanasha."

"Abee, mwalimu."

"Maji yatoka moto au yatoka baridi?"

"Sijui, mwalimu. Nambari ni nzuri."

"Hujui, na mashine washaiwasha?" Akaushika mkono wangu, akanitia kidole kwenye mpira wa maji yanayorudi kutoka kwa kisahani. "Kila ukiwasha, shika hapa. Ukifika katikati, shika. Ukimaliza, shika. Usinambie nambari kabla hujanambia maji."

Nilimwona mzee wa mambo ya zamani. Mwezi wa pili nikataka kumwonyesha kwamba mimi ni mwepesi. Nilimaliza sinia moja, nikapanga jingine papo hapo, nikaianzisha hesabu kutoka sifuri kisahani kikiwa bado na joto la kazi ya kwanza. Kikaanza kupoa huku mlango umefungwa. Kilivyopoa ndivyo mtetemo ulivyoongeza kasi, na nambari kwenye skrini ikaanza kurudi nyuma, ikapita sifuri, ikashuka chini ya sifuri. Nikapiga ukelele. Nilidhani lenzi zinavuliwa nguo humo ndani. Mwalimu Athmani alicheka mpaka akakaa sakafuni kwa kanzu yake nyeupe, na kwa wiki nzima kila akiniona alikuwa akiuliza kama lenzi zangu zimesitirika. Tangu hapo sikuanza hesabu tena kabla kisahani hakijatulia. Dakika kumi. Chemsheni chai, pigianeni porojo, lakini ngojeni.

Nimeruka. Nilitaka kuwaeleza habari ya Mutiso, na naona nimekuwa nikizunguka zunguka kama nilivyoizunguka mashine yenu.

Mutiso alikuja kwetu mwalimu Athmani akiwa amekwisha staafu. Alikuwa kijana wa bara, mkazi wa Mikindani, mtaratibu, mwandishi mzuri wa daftari. Mimi nilikuwa mkuu wa chumba cha kupaka. Nilichukua zamu ya asubuhi, yeye nikampa zamu ya mchana. Aliniita mama, akanisalimia shikamoo bila kukumbushwa, na kusema kweli nilimpenda.

Mwaka huo mtambo wa kupozea maji ulikufa, ikawa twayavuta maji kwa pampu kutoka tangi la chini ya ardhi. Halafu pampu nayo ikaungua. Meneja akasema vipuri vinakuja, na nyinyi mnajua maana ya vipuri vinakuja. Mimi nikaona nina akili. Juu ya paa kulikuwa na tangi jeusi la plastiki. Maji ya juu hushuka yenyewe, hayahitaji pampu. Nikamwita fundi wa mabomba, nikamsimamia mwenyewe, akaunga mpira wetu kwenye tangi la juu. Nikamwambia na meneja mbele ya watu kwamba kazi haitasimama hata saa moja. Watu wakanipigia makofi. Nilifurahi sana siku hiyo, nakumbuka.

Mnajua jua la Changamwe. Tangi jeusi, juu ya mabati, toka asubuhi mpaka alasiri. Alfajiri maji yalikuwa yamelala usiku kucha, yalishuka poa kabisa, na lenzi zangu zilitoka safi. Ukiinamisha lenzi nzuri chini ya taa ya dari, ile taa ndani ya lenzi huonekana kijani hafifu. Zangu zilikuwa kijani. Za Mutiso zikaanza kutoka rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Hiyo ni dalili ya utando mwembamba kuliko inavyotakiwa, mashine imedanganywa ikafunga mapema. Siku ya kwanza sinia moja, siku ya pili mawili, wiki ya pili kila siku. Wenye maduka ya miwani wakaanza kurudisha mizigo.

Nikamwita. "Wafanya nini wewe mchana huko?"

"Mama, nafuata ile karatasi yako hivyo hivyo. Angalia daftari. Nambari zangu ziko sawa na zako."

Na kweli zilikuwa sawa. Daftari lake lilikuwa safi kuliko langu. Badala ya kujiuliza imekuwaje nambari ziwe sawa na lenzi ziwe tofauti, nilijiuliza huyu anaandika nambari za uongo ili iweje. Nilikuwa nimeacha kushika mpira. Siku hizo zote za asubuhi maji yalikuwa sawa, kidole kikazoea, kikaacha. Mwalimu Athmani angekuwapo angenitia kidole kwa nguvu.

Meneja akataka maelezo kwa maandishi. Nikaandika kwamba asubuhi na mchana mashine ni ile ile, dawa ni ile ile, karatasi ya kazi ni ile ile, kilichobadilika ni mtu. Nikaandika neno uzembe. Hakuna aliyenilazimisha. Nililitafuta neno, nikaliona limefaa, nikaliandika.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, Mutiso aliniomba tubadilishane zamu ampeleke mtoto kliniki. Nikakubali. Nikaingia mchana, nikapanga lenzi, nikangoja zile dakika kumi zangu, nikafanya kila kitu kwa mkono wangu. Nikafungua mlango. Nikainamisha lenzi ya kwanza chini ya taa.

Chai ya mkandaa.

Ya pili hivyo hivyo. Sinia zima. Halafu mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mpira, na nikauondoa upesi, maji yalikuwa ya kuogeshea mtoto mchanga na zaidi. Nikatazama juu, kama kwamba ningeliona tangi kupitia dari. Nikaelewa yote kwa mara moja, tangi, jua, mpira, kisahani kinachozidi kupata moto kazi ikiendelea, na aliyeamuru uungwe.

Sasa sikilizeni nilichokifanya, kwa sababu mambo ya kisahani mtayasoma popote. Nilizifunga lenzi zile kwenye gazeti, nikazitia chini kabisa ya pipa la taka, nikaweka magazeti mengine juu yake. Nikaandika kwenye daftari kwamba mashine ilikuwa ikisafishwa, hakuna kazi iliyopakwa. Nikajiambia nitaitengeneza kesho kimya kimya. Maji yakipoa lenzi za Mutiso zitatoka nzuri zenyewe, malalamiko yatakoma, na yale maelezo yangu yatasahauliwa huko kwenye meza ya meneja. Nilijiona nina huruma, wallahi. Nilijiona namwokoa.

Jumatano nilikuja na barafu. Nilipitia kwa mama mmoja wa Likoni auzaye samaki, akanipa mabonge mawili kwenye gunia. Nikaondoa mpira kwenye tangi la juu, nikaleta pipa la buluu na pampu ndogo ya kuoshea gari, nikazungusha maji ya barafu. Jaribio la kwanza likanishinda. Nilipofungua mlango kupanga lenzi, hewa yetu nzito ya pwani ikakigusa kisahani kilicho baridi, nacho kikatoka jasho. Matone ya maji ni mzigo, nambari zikaruka ruka kama zilizopagawa. Nikajifunza siku hiyo kwamba maji ya baridi sana ni adui vile vile. Fungeni maji kabla hamjafungua mlango. Yaacheni yawe poa tu, kama ya mtungi, na muhimu kuliko yote yawe vile vile mwanzo hadi mwisho. Nikangoja barafu iyeyuke nusu, nikakausha, nikaanza upya. Kumbe barafu ya samaki hubaki na samaki wake. Chumba kizima kikanuka samaki changu, na msichana wa ofisini akapita akauliza nani amekuja na chakula chake mapema hivi.

Mutiso alipoingia zamu nikamwambia atumie maji ya pipa. Hakuniuliza kwa nini. Lenzi zake zikatoka kijani, zote. Akaziinamisha moja moja chini ya taa, akaniita nije nione. Alikuwa anacheka kwa furaha. "Mama, unaona? Unaona sasa?" Nami nikamwambia hongera.

Alhamisi asubuhi meneja akampa barua ya kuachishwa kazi. Ilikuwa imeandikwa tangu Jumatatu, imengoja sahihi tu. Zile lenzi nzuri za Jumatano zilimzidishia ubaya, kwani meneja alisema kumbe akiogopa aweza kufanya kazi. Mutiso alipita chumbani kwetu kuchukua koti lake na kikombe chake. Nilikuwa nimeinama nimejifanya nasafisha sinia. Aliniambia, "Mama, sijui ni nini nilikosea. Ukikumbuka kitu, niambie tu, nisirudie huko mbele."

Nikamwambia, "Inshallah."

Hilo ndilo nililomjibu.

Ijumaa sikuweza kukaa. Nilipanda kwa meneja kabla hajavua hata miwani yake ya jua, nikamweleza tangi, mpira, jua, lenzi za kwenye pipa la taka. Nilitaraji atanifukuza mimi, nilikuwa nimebeba hata funguo zangu za kukabidhi. Akavuta karatasi, akaandika barua ya kumrudisha Mutiso, akaitia kwenye bahasha na kunisukumia.

"Ya kumfukuza ilitoka kwako," akasema. "Na hii ipeleke wewe."

Jumamosi nikaenda Mikindani. Nyumba yao ilikuwa chumba na sebule, pazia la maua katikati. Mutiso alikuwa amekaa kwenye ndoo akitengeneza feni ya jirani. Mkewe, Ndinda, alikuwa amempakata mtoto yule wa kliniki. Nikapewa kiti. Nikatoa bahasha, na Mutiso akaisoma mara mbili, akampa mkewe naye akaisoma. Ningeweza kunyanyuka hapo, watu wangeagana vizuri. Barua haikutaja sababu, meneja aliandika tu kwamba uchunguzi umeonyesha hitilafu ya mitambo.

Nikasema, "Hitilafu ni mimi." Nikawaambia yote, kuanzia makofi niliyopigiwa mpaka neno uzembe. Nilizungumza nikitazama feni.

Nilipomaliza Mutiso akauliza swali moja tu. "Mama, ulijua lini?"

"Jumanne."

Akarudia, "Jumanne," akaokota bisibisi yake, akaendelea na feni. Kwamba alirudi kazini mnajua wenyewe. Ndiye huyo msimamizi wenu, mnayemwogopa kwa sababu haruhusu mtu awashe mashine kabla hajashika mpira. Tulifanya kazi pamoja miaka tisa baada ya hapo, na hajanitamkia neno baya hata siku moja. Wala hakuwasimulieni habari hii, nilimuuliza. Amesema ni yangu, niisimulie mimi.

Aliyenijibu siku ile ni Ndinda. Alimlaza mtoto begani, akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, kwa kile Kiswahili chake cha bara.

"Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Hapa hiyo Alhamisi huyu hakulala. Alikaa hapo kwa hiyo ndoo mpaka asubuhi, ananiuliza mimi, Ndinda, nimekosea wapi. Mimi nikamwambia lazima kuna mahali ulikosea, mtu hawezi kufukuzwa bure." Mtoto akacheua, akampangusa kwa ncha ya leso. "Wewe mama, hizo siku tatu ulikuwa unalala?"

Nilitafuta la kusema ambalo lingenisitiri.

"Nilikuwa nalala," nikamjibu. Ndiyo ilikuwa kweli.